Mkitaka Kupinga Kodi ya Waliojiajiri, Pingeni Hivi

Kila mwaka Mswada wa Fedha unapofika Bunge la Kitaifa mwishoni mwa Aprili, Wakenya waliojiajiri hupandwa na mori. Watafsiri, wasanidi programu, wapiga picha, wahariri wa video na madereva wa teksi za mtandaoni hugundua kwa pamoja kwamba kuna kifungu kinachowagusa. Jumatatu kikundi cha WhatsApp kinaundwa, Jumatano kimejaa, Ijumaa ni ugomvi wa nani awe msemaji. Juni ikiisha, mswada umekuwa sheria na kikundi kimebaki cha kutumiana salamu za asubuhi.

Maagizo haya ni ya wanaotaka kubadilisha kifungu. Anayetaka kutoa hasira tu, mitandao ipo na haina foleni.

FANYA: Soma mswada wenyewe, na uanze na fasili

Muhtasari wa gazeti hautoshi. Bango lenye asilimia kubwa za rangi nyekundu, lililotumwa na mtu usiyemjua, halitoshi kabisa. Pakua mswada, kisha fungua pembeni Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, maana mswada peke yake hausomeki. Utakuta tu umeambiwa futa neno hili, ingiza lile, baada ya aya fulani.

Watu wengi hukimbilia asilimia. Mwaka 2023 serikali ilipendekeza kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali, kelele zikapigwa, ikashushwa hadi asilimia 5. Ulikuwa ushindi, tusiubeze. Lakini ni wachache waliotazama fasili ya mapato yenyewe. Ilitaja matangazo, udhamini, kamisheni za mauzo, ada za wanachama, uuzaji wa vitabu vya kielektroniki na kozi, utoaji wa leseni za picha na muziki, hata michango ya mashabiki. Mpiga picha wa Nakuru aliyejisemea kwamba hayo ni ya watu wa TikTok alikuwa tayari yumo ndani.

Mwaka uliofuata fasili ikapanuka. Mswada wa Fedha wa 2024 uliorodhesha majukwaa ya teksi, ya kupeleka chakula, ya kukodisha, ya huduma za kitaalamu, na kwa jina kabisa, ya kazi za wafanyakazi huru. Mwenye jukwaa angetakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo ya mkazi wa Kenya, na asilimia 20 kwa asiye mkazi. Usipoijua orodha hiyo neno kwa neno, unapinga kitu gani?

USIFANYE: Usiseme uongo kuhusu kodi ya zuio

Hapa ndipo wengi huaibishwa mbele ya kamati. Mtu anasimama, anasema serikali imeongeza kodi mpya ya asilimia 5 juu ya zile anazolipa. Mbunge mmoja anayejua hesabu anamuuliza, "Huwezi kuidai katika ritani yako ya mwaka?" Kimya. Habari imeishia hapo, na wote waliokuja nyuma yake wameonekana hawajui wanachosema.

Kodi ya zuio kwa mkazi si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali. Anayekulipa anakata, anapeleka kwa mamlaka ya kodi, KRA, nawe unaihesabu unapojaza ritani. Ubaya wake uko kwingine, na ni ubaya mkubwa kuliko huo wa uongo: inakatwa kwenye malipo yote kabla ya gharama.

Tuchukue mfano wa mama anayetengeneza video za mapishi Mombasa, ambaye kila mwezi hupata kazi moja ya udhamini ya shilingi 80,000. Mpiga video anachukua 20,000. Mhariri 12,000. Nyama, mchele, viungo na gesi 9,000. Usafiri 5,000, bando na umeme 4,000. Gharama ni 50,000, faida ni 30,000. Kwa viwango vya kodi ya mapato, asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza na asilimia 25 kwa 6,000 zinazofuata, kodi yake ni 3,900. Ondoa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, anabaki akidaiwa 1,500.

Asilimia 5 ya 80,000 ni 4,000. Amezuiliwa 4,000 kwa deni la 1,500. Kila mwezi serikali imemkopa 2,500 bila riba, kwa mwaka 30,000, ambayo ni faida ya mwezi mzima. Ili azipate inabidi aombe arejeshewe, na kila aliyewahi kuomba marejesho ya kodi anajua jinsi mwenye kudai anavyochoka kabla ya mdaiwa. Kama kiwango kingebaki asilimia 15, angekatwa 12,000 kutoka kwa faida ya 30,000.

Kuna na jambo la eTIMS. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyokuwa na ankara ya kielektroniki ya mfumo huo haikubaliki kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Yule mpiga video wa mtaani akikuandikia risiti kwenye kijikaratasi, 20,000 zake zitahesabiwa kama faida yako. Hilo likibebwa mbele ya kamati pamoja na karatasi yenyewe, lina uzito kuliko hotuba kumi.

Hesabu ya namna hii, yenye jina la kazi na tarakimu za shilingi, ndiyo inayompa mbunge cha kumwambia Waziri. Kila kikundi kiwe na hesabu tatu kama hizo kutoka kwa watu halisi, wa kazi tofauti, waliokubali kuonyesha ankara zao.

FANYA: Weka ritani zako sawa kwanza

Tusifichane. Kuna watu wanaopokea dola kila mwezi na kila Juni wanajaza ritani ya sifuri, kwa sababu binamu alisema ndiyo njia rahisi ya kuepuka faini. Mtu huyo asiwe msemaji wenu. Asiwe hata mtu wa pili wa kusema. Siku atakayojitokeza kwenye runinga akilia kwamba kodi zinamuua, kuna mtu atauliza amelipa ngapi mwaka uliopita, na atauliza kwa niaba ya mwalimu na muuguzi ambao PAYE, kodi ya mishahara, inawakata kabla hawajaiona mishahara yao. Hao ni wengi kuliko nyinyi, na mkiwakosa mmekosa wananchi.

Tarehe ya mwisho ya ritani ni 30 Juni, mwezi uleule ambao Mswada wa Fedha hupitishwa. Anayeshughulika na kampeni hadi akasahau ritani yake atalipa faini.

USIFANYE: Usiwe kinywa cha majukwaa

Kampuni za majukwaa nazo hupinga vifungu hivi, na huwa na mawakili wazuri na chai nzuri. Watawaalika. Watawaandikia maoni yenu kwa lugha safi, mkatie sahihi.

Kataeni. Shida ya kampuni ni kazi ya kukata kodi na kuipeleka serikalini, na adhabu ikikosea. Shida yenu ni fedha zinazokwama. Kwenye meza ya mazungumzo kampuni itafurahia nafuu ya karatasi zake na kuondoka, nanyi mbaki na makato yaleyale. Isitoshe, jukwaa linaloshinikiza serikali kwa jina lenu ndilo hilo linaloamua kamisheni yenu bila kuwauliza. Chukueni takwimu zao kama watatoa, andikeni wenyewe.

FANYA: Peleka maoni yenu kwa jedwali

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kwa kila Mswada wa Fedha, Karani wa Bunge hutangaza magazetini kwamba anapokea maoni, na hutoa tarehe ya mwisho. Muda ni mfupi. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kuandika amechelewa.

Maoni yenye nguvu huwa jedwali la safu nne: kifungu cha mswada, kinachosema, mnachotaka kisemwe, na sababu. Safu ya tatu ndiyo watu huiogopa. Wanaandika "kifutwe" na kuondoka. Andikeni maneno mbadala, tayari kuingizwa: kiwango cha chini cha mapato ambacho chini yake hakuna kuzuia, au kukata baada ya kamisheni ya jukwaa, au siku ambazo marejesho lazima yawe yamelipwa. Mwanasheria wa kamati anayefanya kazi usiku wa manane atachukua maneno yaliyo mezani. Yapeni meza maneno yenu.

Barua pepe elfu moja za nakala moja haziwi maoni elfu moja. Kamati inaweza kuzihesabu kama moja, na karani huudhika. Hata hivyo msiogope teknolojia. Mei 2025 msanidi programu mmoja alikamatwa baada ya kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma pingamizi zao za Mswada wa Fedha wa 2025 kwa barua pepe, akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Juni mwaka huohuo mahakama ikasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Kwa hiyo chombo ni halali. Kitumieni kumsaidia kila mtu aandike hali yake mwenyewe, na muwe na nambari ya wakili kabla ya kubonyeza kitufe.

USIFANYE: Usidai usawa bila kuangalia usawa unaelekea wapi

Ushuru wa nyumba utufunze. Sheria ya Fedha ya 2023 iliwakata walioajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ushuru huo ni kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ni kwamba uliwabagua: wenye mishahara rasmi wanalipa, wengine hawalipi. Watu walishangilia, waliojiajiri wakiwemo.

Serikali ilisoma hukumu vizuri kuliko washangiliaji. Machi 2024 ikaleta Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na safari hii asilimia 1.5 ikawahusu hata wasio na mshahara, kwa mapato yao yote. Ubaguzi umekwisha. Hongera zetu.

Kabla ya kuandika neno "ubaguzi" kwenye maoni yenu, jiulizeni serikali itauondoa kwa kupunguza upande gani au kuongeza upande gani. Mimi nadhani hoja ya mtiririko wa fedha ni salama zaidi kuliko ya usawa, walau kwa wafanyakazi huru.

FANYA: Tafuta ahadi iliyovunjwa

Wenzetu wa Uingereza waliwahi kupata ushindi wa haraka sana. Tarehe 8 Machi 2017 Waziri wa Fedha Philip Hammond alitangaza kwamba michango ya bima ya taifa ya waliojiajiri, ile ya daraja la nne, ingepanda kutoka asilimia 9 hadi 10 mwaka 2018, kisha 11 mwaka 2019. Serikali ilikuwa na hoja zake: mwajiriwa alilipa asilimia 12, na mafao ya makundi haya mawili yalikuwa yamekaribiana. Waliojiajiri nao walikuwa na zao: hawana likizo ya malipo, wala mshahara wa siku za ugonjwa.

Mjadala huo ungeweza kuendelea mwaka mzima. Kilichoukata ni ilani ya uchaguzi ya 2015, ambamo chama cha Conservative kiliahidi kutopandisha kodi ya mapato, VAT wala bima ya taifa. Wafanyakazi huru, magazeti, na hata wabunge wa chama tawala waliishika ahadi hiyo wakakataa kuiachia. Tarehe 15 Machi, wiki moja tu, Hammond akaondoa pendekezo.

Ilani za vyama vyetu zipo, zimejaa vijana, ajira za mtandaoni na uchumi wa kidijitali. Zichapisheni, mpige mstari, mziweke mbele ya mbunge wenu aliyezinadi. Mbunge huogopa maneno yake mwenyewe kuliko yenu.

USIFANYE: Usiwadharau wasio na kompyuta

Kuna kiburi kibaya miongoni mwa watu wa kazi za mtandaoni, cha kujiona hawako pamoja na mama mboga na mwenye karakana. Kodi ya mauzo ya asilimia 3, kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, inamgusa mwenye kiosk na haigusi ada za kitaalamu, kwa hiyo mtaalamu anaona hayamhusu. Mwenye kiosk naye ana neno moja la kuwaambia: gharama. Anatozwa kwa mauzo, awe amepata faida au hasara. Ndiyo hoja yenu ileile.

Na mkumbuke ni nani aliyeangusha kodi ya kima cha chini. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kodi ya asilimia 1 ya mauzo yote, hata kwa biashara inayopata hasara. Chama cha wenye baa wa Kitengela kilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Machakos ikaifuta kodi hiyo, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Wenye baa. Mtu anayechagua rafiki kwa aina ya kompyuta yake angewapita.

USIFANYE: Usikimbilie mahakama kama njia ya mkato

Wenye baa walishinda, lakini tazameni Sheria ya Fedha ya 2023. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitupilia mbali yote, ikilaumu Bunge kwa jinsi lilivyowashirikisha wananchi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo, sheria ikarudi. Katika miezi ile mitatu kuna waliopanga bei zao kana kwamba kodi zimekwisha. Nendeni mahakamani mkiwa na wakili, fedha, na nakala ya maoni mliyoyawasilisha Bungeni yakapuuzwa. Bila nakala hiyo mtaulizwa mlikuwa wapi.

FANYA: Kuhusu maandamano, fuata sheria na uheshimu waliokufa

Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa kwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Pelekeni, mchukue nakala iliyogongwa muhuri.

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni, risasi zikapigwa. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Waliokufa katika maandamano ya siku zile walikuwa makumi. Msitumie picha zao kutangaza kampeni ya asilimia 5. Wana familia, na waliyoyadai yalikuwa mapana kuliko ritani zetu.

USIFANYE: Usivunje kikundi Juni ikiisha

Mswada wa 2024 ulikufa Juni, watu wakapumua. Novemba ukaja mwingine, Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Kodi, ukiwa umebeba vipande vya ule uliokufa. Kile kifungu cha majukwaa kilikuwemo, asilimia 5 kwa mkazi na asilimia 20 kwa asiye mkazi. Safari hii hapakuwa na umati barabarani. Rais aliutia sahihi Desemba, na ukaanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, wengi wetu tukiwa bado ushago kwa Krismasi.

Uingereza iliyaona hayo pia. Tarehe 23 Septemba 2022 Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng alitangaza kufuta mageuzi ya 2017 na 2021 ya kanuni za IR35, zinazopambanua mkandarasi wa kweli na mwajiriwa aliyejificha nyuma ya kampuni. Wafanyakazi huru walikuwa wakizipinga kanuni hizo tangu 1999 zilipotangazwa. Mwezi haukwisha. Tarehe 17 Oktoba Jeremy Hunt, mrithi wake, akaufuta mpango huo.

Kwa hiyo chagueni sasa mtu mmoja wa kusoma Gazeti Rasmi na ratiba ya Bunge mwaka mzima, hasa Oktoba hadi Desemba. Msimwombe afanye kwa kujitolea, maana kazi ya kujitolea huachwa mteja wa kwanza akipiga simu. Mchangieni kila mwezi, mumlipe, naye awape ankara ya eTIMS.